Jengo la Daudi Nimelikanyaga Bila Kuliona

Mdogo wangu Paulina,

Marahaba, najua hapo Dirma umeshaniamkia. Mwalimu wa kwaya ndiye ananiandikia. Huku kijijini Daudi baridi kali, lakini wamenipa kande na maziwa mgando, yale mazito, siyo hayo yako ya maji. Haya, nilitaka kusema habari za jengo.

Si unakumbuka tulivyolia tuliposikia parokia wanajenga ukumbi mbele ya kanisa la zamani, lile baba alilolibebea mawe mgongoni? Tukasema ghorofa litaliziba, hatutaliona tena. Basi nimepanda kilima, kanisa naliona lote, mnara mpaka mlango. Ukumbi siuoni. Nikamuuliza binti aliyechora ramani, "Sasa mtajenga lini?"

Akacheka. "Shikamoo bibi, umesimama juu ya paa."

Yesu wangu! Paulina, wamechimba ubavu wa kilima kama nyumba ya bibi yetu, juu wakafunika udongo, majani yameota. Mbuzi alikuwa pembeni yangu anakula zake. Nikakukumbuka ulivyokuwa unaruka juu ya nyumba ya bibi, vumbi linamdondokea kwenye uji, anakufukuza na mwiko! Binti anasema ukumbi huu hauvuji vumbi.

Nimekaa hapo hapo juu, natazama mawe ya baba mpaka miguu imekufa ganzi. Moyo umetulia kabisa.

Mungu akuponye huo mguu uje tukae wote. Ila ukanyage taratibu, chini kuna watu wanakunywa uji.

Dada yako,
Martina