Kiti cha Nyuma

Misigiri,
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Mpendwa Dada Luciana,

Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta salama hapo Kintinku, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mkono wa Rebeka ulioungua na uji umeshapona. Huku tu wazima. Mama anaendelea na dawa zake za presha, na alizeti tumemaliza kuipura. Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata sababu ya kunyamaza.

Emilian alirudi nyumbani Jumapili kutoka hospitali. Amekonda, midomo imebabuka kwa jua na chumvi, lakini anakula kama mtu wa mavuno. Tangu afike, uani hapana pa kukanyaga. Watu wanakuja hadi kutoka Shelui kumwona mdogo wetu aliyeelea baharini. Mama amemkalisha kwenye kiti cha marehemu baba. Mimi, mtoto wake wa kiume wa kwanza, sijawahi kuambiwa nikikalie.

Najua umesikia vipande tu, kwa hiyo nianzie mwanzo.

Mzee Edward, rubani mstaafu wa Arusha, alitua kwenye kiwanja chetu cha vumbi tarehe thelathini na moja Julai, injini ikikohoa. Ndege yake ilimzidi baba umri, mabawa ya kitambaa kilichopakwa rangi ya njano, viti viwili tu, kimoja nyuma ya kingine. Alikuwa akiipeleka Unguja kwenye maonyesho. Emilian, ambaye unajua anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga, akaomba aiangalie. Mlinzi wetu Mughwai akamtania kwamba hiyo si bodaboda, ikizimika huko juu hakuna wa kuisukuma. Emilian akafungua kabureta, akatoa uchafu, na kesho yake injini ikanguruma mji mzima ukasikia.

Siku hizo mbili ni mimi niliyemtafutia mzee chumba na chai. Nilimweleza kwamba nimesoma jiografia hadi chuo, ramani ya pwani nimeichora mara nyingi, na bahari sijaiona. Nikamwomba kiti cha nyuma. Alicheka kwa upole, akasema karani akipanda ndege, nani atapiga simu? Kiti akampa Emilian.

Simu yenyewe ni hivi. Redio ya ndege ile haikufika mbali. Ndege ndogo ikiruka kwetu, karani huandika daftarini saa iliyoondoka, kisha humpigia karani wa kiwanja inakokwenda, amwambie saa ya kuitarajia. Ikipita nusu saa haijatua, wanaanza kuitafuta. Hiyo ndiyo kazi yangu, dada.

Waliondoka tarehe mbili, saa tatu asubuhi. Wanawake walipiga vigelegele, Mama alilia kwa furaha. Emilian, amevaa miwani ya mzee, akanipigia kelele kutoka kitini, akiuliza kama aniletee chupa ya maji ya bahari nionje. Kila mtu alicheka. Ni utani wake wa siku zote, lakini siku hiyo ulinichoma.

Saa sita na robo, Unguja ikionekana kabisa, bomba la mafuta lilipasuka na injini ikazima. Wachunguzi wanasema kazi ya Emilian haikuhusika. Nitakwambia kweli: nilisikitika kidogo kusikia hivyo. Ndege ilipiga maji, ikazama ndani ya dakika chache. Walishikilia dumu tupu la mafuta, wote wawili. Mashua ya uokoaji ilifika saa kumi na moja jioni. Mzee Edward alikuwa ameachia saa moja kabla, na hadi leo hajaonekana, yeye wala ndege yake.

Emilian anamwambia kila mgeni kwamba aliyemshikiza kwenye lile dumu ni kaka yake. Anasema alimwambia mzee majini kwamba Kaka Chedi hasahau kitu, wanakuja. Mzee akamjibu kwamba analijua hilo, ndiyo maana aliniacha mimi pale kiwanjani.

Dada, sikupiga.

Niliandika daftarini kwamba nimepiga saa tatu na dakika kumi, kwa kuwa tumezoea kujaza mstari wote kwa mkupuo kalamu ikiwa mkononi. Nikainua simu, nikairudisha. Niliwaza watue pasiwe na wa kuwapokea, Emilian ashuke na miwani yake asikute hata mpiga picha mmoja. Nilitaka hilo tu, naapa. Nilipiga saa tisa alasiri, hasira ilipopoa. Kama ningepiga asubuhi, wangeanza kutafuta saa saba, na mashua ingefika saa tisa. Mzee alikuwa bado ameshikilia.

Na si hilo tu. Wachunguzi wameliamini daftari langu, na ile simu ya saa tisa wanaiona ya kufuatilia tu. Magreth, karani wa kule Unguja, amesimamishwa kazi, ati aliidharau simu yangu ya asubuhi. Amelia, amekana, hakuna anayemsikiliza.

Jumatatu wanakuja nisaini maelezo. Nitawaambia kama nilivyokwambia. Naogopa jela. Lakini Emilian lazima asikie kabla yao, kutoka kwangu, nami sina nguvu ya kumwambia Mama akiwa peke yake. Nampa barua hii kondakta wa basi la Dodoma. Tafadhali njoo kabla ya Jumatatu, ukae karibu na Mama.

Sasa hivi Emilian yuko uani, namsikia kupitia dirisha. Anawaeleza wageni habari za kaka yake, mtu makini, mwenye moyo, aliyekaa mezani bila kula mpaka mdogo wake akapatikana. Maisha yangu yote nimemwonea Emilian wivu. Leo namwonea wivu huyo kaka anayemsimulia.

Mpe shemeji salamu zangu za heshima, na uwabusu watoto. Mwambie Rebeka mjomba wake anamkumbuka. Mungu akupe safari njema.

Ni mimi mdogo wako,
Chediel