Belti ya Taimingi na Safari ya Kiritiri

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekagua maji ya radieta, oili na upepo wa magurudumu, kama nifanyavyo kila Jumatatu tangu nirudi nyumbani Githongo na shahada yangu ya uhandisi wa mitambo. Vyote vizuri. Kwa kuwa Jumamosi tuna safari, nikaona si vibaya kufungua kava ya juu ya injini nichungulie belti ya taimingi.

Si nzuri hata kidogo. Ina nyufa baina ya meno. Ukingo mmoja umeanza kutoa nyuzi.

Belti hiyo ndiyo inayoziendesha vali zifuatane na pistoni. Ikikatika njiani, vali na pistoni zitagongana, na injini itakufa palepale. Na Jumamosi gari hili dogo litawabeba Baba, Mama, kaka yangu Mutwiri na Mjomba Kaberia hadi Kiritiri, kwa kina Wanja, kumposa Wanja kwa ajili ya Mutwiri. Dereva ni mimi.

Nimemwambia Baba kwamba nitaibadilisha mwenyewe. Alikuwa akikwangua tope la shamba la kahawa kwenye viatu vyake. Aliendelea kukwangua. Kisha akasema, "Ukilifungua likakataa kufungika, tutawaambia nini watu wa Kiritiri?"

Nikamjibu kwamba halitakataa. Sauti yangu ilikuwa na uhakika kuliko mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Baridi kali. Ukungu ulikalia mibuni hadi karibu adhuhuri.

Nimeng'oa gurudumu la mbele la kulia, mkanda wa jenereta na vikorokoro vyote vilivyo njiani. Boliti kubwa ya krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikanishinda. Nilijaribu kwa uzito wangu wote. Haikutikisika. Mwishowe tukaweka gia ya tano, Baba akaketi ndani akikanyaga breki kwa miguu yote miwili, nami nikairefusha spana kwa kipande cha bomba la maji. Boliti iliachia kwa mlio kama risasi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza ni nani amekufa. Baba alicheka mpaka akashikilia usukani. Sijamwona akicheka hivyo tangu siku ya mahafali yangu.

Chini ya kava nimekuta jambo.

Kiwanda kimeacha alama zake: tundu dogo kwenye puli ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, na mfuo kwenye mwili wa injini. Zikikutana, kila kitu kiko mahali pake. Lakini pembeni mwa alama hizo kuna nyingine, ya rangi ya kucha, nyekundu. Mafundi wengi wa huku hufanya hivyo. Hupaka rangi ya kucha kabla ya kuvua belti, ili mpya irudi pale pale ilipokuwa kuukuu, bila hesabu yoyote. Ni mbinu nzuri, iwapo belti ya kwanza ilikuwa mahali sahihi.

Hii haikuwa mahali sahihi. Alama ya kiwanda na ya rangi zimepishana jino moja.

Nimezikagua kwa tochi mara nyingi kuliko inavyostahili. Jino moja.

Jumatano, 6 Agosti

Meru mjini, kutafuta belti. Sikuitafuta kwa jina la gari, maana injini hii si ile iliyotoka nayo kiwandani. Ilibadilishwa zamani, gari lilipokuwa la Mjomba Kaberia. Nilibeba belti kuukuu na kuilaza juu ya mpya, jino kwa jino, hadi nikapata iliyolingana.

"Fundi ndiye amekutuma?" muuza vipuri aliuliza.

Nikamwambia fundi ni mimi. Alimwita mwenzake kutoka nyuma ya duka aje amwone fundi wa kike. Nilisimama wima nionekane vizuri.

Niliporudi, Mjomba alikuwa amewasili kutoka Laare. Ni kaka yake Mama, mfanyabiashara wa miraa, na yeye ndiye atakayetafuta ncoolo, fungu la miraa la kuposea. Yeye pia ndiye aliyemwachia Baba gari hili. Alikuwa ameinama mbele ya injini iliyo wazi, mikono nyuma.

"Injinia," alisema, "hiyo rangi nyekundu iliwekwa na fundi wangu mwenyewe. Fuata hiyo."

"Imekosea kwa jino moja, Mjomba."

"Na hii gari imenibebea miraa kutoka Laare miaka yote. Hilo jino lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa kwenye milima. Ndiyo maana ulikuwa ukipanda na gia ya kwanza."

Mutwiri alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mjomba hakucheka. Alisema kosa ni la petroli ya siku hizi. Akaongeza kwamba amewahi kuwaona wahandisi wa karatasi, nao hurudisha gari likiwa na boliti tatu zimebaki mfukoni.

Hilo sikulijali. Lililoniumiza lilikuja baadaye. Mutwiri alinifuata nilipokuwa nikinawa mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Makena, tafadhali. Weka kwa rangi tu. Mimi nataka kufika."

Mjomba ameshatuambia kwamba ncoolo ikifika imenyauka ni heri tungebaki nyumbani. Mutwiri hawazi kuhusu injini. Anamuwaza baba yake Wanja akilitazama fungu lililokauka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeifunga belti kwa alama za kiwanda. Huo ndio uamuzi wangu.

Nilikaza puli ya kukazia, nikazungusha injini kwa spana, polepole, duru mbili kamili, nikisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Hakuna. Alama zikarudi zikakutana barabara. Nilijivunia. Nilimwita Baba azione. Alivaa miwani, akatazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesoma hati ya shamba.

Tukarudisha kila kitu. Hakuna boliti iliyobaki.

Nikawasha. Stata, mota ya kuwashia, ilivuta, ikakwama, ikarudishwa nyuma kwa kishindo kilichotikisa gari zima. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu injini ilishika, lakini ikagonga kama kokoto ndani ya mkebe, kisha ikazima.

Kisha Mjomba: "Rudisha kwa rangi, mwanangu." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningestahimili.

Mutwiri alikwenda kando ya uzio na simu, kutafuta gari la kukodi. Mama akasema chakula kiko tayari. Sikula. Baba alifunga boneti. "Tuna kesho," alisema, basi.

Naona aibu. Naijua pia njia rahisi: nirudishe belti nyuma jino moja, gari litawaka, nao wote watashukuru. Litatufikisha Kiritiri likikokota kama zamani. Nami nitakuwa nimesomeshwa na wazazi wangu ili nifuate rangi ya kucha.

Sijui nimekosea wapi. Alama zilikutana. Niliziona.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelipata.

Niliamka na swali moja: ikiwa belti ilikosewa jino zima, gari liliwakaje vizuri miaka yote hiyo? Jibu likaja nikiwa bado nafunga kamba za viatu. Mtu alilifidia kosa hilo mahali pengine.

Distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, huzungushwa na kamshafti ileile. Kamshafti ikichelewa, moto nao unachelewa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye boliti inayoishikilia. Imesukumwa hadi mwisho kabisa wa nafasi yake. Na katikati ya nafasi hiyo, chini ya oili iliyoganda, kuna duara safi linalong'aa, mahali washa ya boliti hiyo ilipokaa tangu kiwandani kabla mtu hajaisogeza.

Fundi wa Mjomba alikosea jino, akasikia gari ni zito, akasogeza moto uwake mapema ili kuficha uzito huo. Mimi nimerekebisha belti. Moto nimeuacha ulipo, mapema kupita kiasi. Ndiyo maana stata ilirudishwa nyuma.

Nilimweleza Mjomba hivi: "Ni kama mtu ambaye saa yake inachelewa, kwa hiyo amezoea kuamka mapema. Nimemrekebishia saa, lakini yeye bado anaamka mapema."

Alifikiri. "Basi mwambie alale," akasema.

Nililegeza boliti, nikairudisha distribyuta kwenye lile duara, nikakaza. Nikamwomba Baba awashe yeye. Sikutaka kuushika ule ufunguo.

Iliwaka kwa mguso mmoja. Laini. Taa ya taimingi niliyoazima ilithibitisha kwamba moto uko pale unapostahili kuwa, ingawa masikio yangu yalikuwa yameshaniambia.

Mjomba aliweka kiganja juu ya injini. "Zima. Washa tena." Baba akawasha. "Tena." Akawasha. Kisha alitoa simu, akaenda kusimama kwenye migomba, akazungumza Kimeru kwa kirefu na mtu ambaye, nadhani, ni fundi wake. Sikusikia maneno. Mkono wake niliuona, ukichora jino moja hewani mara kwa mara.

Mutwiri ameghairi gari la kukodi. Hakuniambia. Nimesikia tu akiomba radhi kwenye simu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ncoolo ililetwa na bodaboda kutoka Laare kabla ya jua, imefungwa kwa majani ya mgomba, bado ina umande. Tukaiweka miguuni pa Mama pamoja na asali. Watu watano, gari dogo, shingo zimeinama.

Tulipita Nkubu. Tukateremka hadi daraja la Nithi, kisha mlima ukaanza. Mjomba aliketi mbele kando yangu, macho yake yakiwa kwenye mkono wangu wa gia. Alikuwa akisubiri. Gia ya tatu. Tukapita lori moja la mchanga. Mkono wangu ulibaki kwenye usukani. Juu kabisa, karibu na tambarare, akasema, "Hm."

Nyuma, Mutwiri alinigusa begani kidogo, akaondoa mkono.

Chuka, Embu, halafu ile barabara ya kushuka Mbeere ambako joto huingia kwa madirisha. Nilitazama kipimo cha joto zaidi ya nilivyotazama mandhari. Hakikupanda.

Kiritiri walitupokea vizuri. Tuliketi kwenye turubai, mbuzi wakipiga kelele nyuma ya nyumba. Kwa desturi, msemaji wetu huwatambulisha wote aliokuja nao, mmoja mmoja, na msemaji alikuwa Mjomba. Alimtaja Baba. Alimtaja Mama. Kisha: "Huyu ni Makena, mhandisi wetu. Hii gari tumekuja nayo, yeye ndiye aliifungua na akaifunga."

Sikutarajia. Nilisimama kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu, nikainamisha kichwa, nikaketi vibaya juu ya sketi yangu.

Shangazi mmoja wa Wanja aliuliza kama niliifunga yote. Mjomba akamjibu: "Yote. Nimehesabu boliti."

Walifungua majani ya mgomba. Miraa ilikuwa laini, nyekundu, hai. Baba yake Wanja aliishika kwa mikono miwili, akawageukia wenzake, na fungu likaingizwa ndani. Limepokelewa. Mutwiri alitazama chini kwenye viatu vyake kwa muda mrefu.

Najivunia. Naandika hilo bila kupamba.

Jumapili, 10 Agosti

Mwili mzito. Tumetoka kanisani. Mama amelala. Mutwiri amekwenda Githongo sokoni bila sababu yoyote, anatembea tu.

Baba aliniita nje. Alikuwa amefungua boneti mwenyewe. Nilidhani amesikia mlio. La. Alikuwa akisoma kava ya belti, mahali nilipoandika kwa rangi nyeupe tarehe na kilomita, ili atakayeifungua baadaye ajue.

"Mafundi huandika na jina," alisema.

Nikaleta kile kikopo cha rangi, nikaandika: Makena. Nilitumia herufi ndogo. Tulisimama tukingoja ikauke. Upepo mwepesi ulitoka upande wa mlima.

Baba akaigusa kwa ncha ya kidole. Imekauka. Akafunga boneti.