Tone Lisianguke Mwambani

Utemini, Singida
Jumapili, baada ya kupura

Ntandu, rafiki yangu,

Nimekaa kwenye kiti chako cha dereva, mlango nimeuacha wazi, daftari liko juu ya goti. Ndani ya nyumba wangeniuliza naandika nini, na sijui ningewajibu vipi. Mama yako hajambo. Mtama umepurwa na umeingia ghalani. Lori lipo. Hilo la lori ndilo nataka kukueleza, maana nusura tulipoteze.

Tangu kichomi kikuchukue, lilibaki pale pale ulipoliacha, magurudumu ya mbele juu ya mwamba wa kupuria, ya nyuma mchangani. Kila Jumamosi nilikuwa naliwasha, nalipeleka hadi njia panda, nalirudisha. Kufika nalo Manyoni stesheni bila wewe sikuweza. Shajara yangu ya wiki zile ina mistari mifupi tu: "Nimewasha. Limeitika." Halafu jioni moja nikaandika kwamba mafuta yamekuwa meusi kama lami na filta imefika wakati wake wa kubadilishwa. Nikafunga daftari. Kazi ile ilikuwa yako. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa pembeni na kukupigisha soga.

Mtama ulipokaribia kukatwa, baba yako mdogo akasema mbele ya ukoo wote, "Gari hili litatapika mafuta mwambani, na mwaka huu tutakula ugali wa gereji! Liuzwe, au liende likalale huko kwa mwalimu." Watu wakacheka. Mama yako hakucheka. Alisema kwa Kinyaturu, polepole kabisa, ili mimi Mnyiramba nisije kusingizia kwamba sikuelewa, "Mwanangu amelifungua hapa miaka yote, na sijawahi kula mafuta yake. Mwalimu naye alifungue hapa. Tone moja likianguka, liende."

Usiniulize kwa nini sikulipeleka mchangani nikalifungulie huko. Ulinijibu mwenyewe zamani, siku ambayo upepo wa Singida ulikuwa unang'oa nyasi za paa la jikoni: "Mwalimu, uchafu una njia mbili. Mafuta yasiende kwa mama, na mchanga usiende kwenye injini." Mwamba uliofagiliwa hauna vumbi, na yale mawe makubwa ya nyuma ya zizi yanaukinga upepo. Lakini mwamba hausahau. Tone la mchangani unalifukia. Tone la mwambani linakaa hapo mpaka wajukuu.

Ntandu, sijui kama niliwahi kukuambia jinsi nilivyopenda kukutazama. Wenzako wa Keya, madereva wa jeshi la Mwingereza, ulisema, walikuwa wanalegeza bolti na kuruka pembeni, Bama nzima kule vitani ikanuka. Wewe ulifungua injini kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Tena ulivaa shati lako jeupe la kanisani, makusudi, ili mikono yako iwe na adabu. Wanawake waliotoka kisimani walikuwa wanakutania, "Ntandu, leo unaoa gari?" Nawe unajibu kutoka chini, miguu tu ndiyo inaonekana, "Nyamazeni, bibi harusi anaona haya!"

Na kile kitambaa. Ulisema mafuta hayapendi karai, yanapenda kiwiko. Mtu akilala chini ya gari mkono ukiwa juu, yanateremka kimya kwenye mkono hadi kiwikoni, na kiwikoni hakuna karai. Ndiyo maana ulijifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, yanywewe hapo hapo. Ukimaliza, unakifua, unakitundika kwenye usukani.

Bado kinaning'inia hapa. Kinanigusa goti ninapoandika.

Basi siku yenyewe nilivaa shati langu la kanisani. Niliwasha injini, nikaiacha ipate joto la uji wa mtoto, kama ulivyozoea, nikaizima. Nikafagia mwamba. Nikaweka karai, nikamwaga mafuta ya chini, yakatoka yote bila kelele. Kisha nikalala chini ya lile kopo la chuma linaloshika filta, nikanyoosha mkono mtupu.

Kitambaa chako nilishindwa kukifungua. Fundo lile ulilifunga wewe kwa meno. Nilisema moyoni kwamba nitaangalia kiwiko changu, basi.

"Toka kwanza," mama yako akasema.

Nikatoka. Alikuwa amesimama karibu na usukani. Alikitazama kitambaa chako kwa muda, hakukigusa. Halafu akashika pindo la kaniki yake, lile vazi jeusi alilolivaa tangu tukuzike, akalipasua. Akanifunga kipande mkononi, akalivuta fundo kwa meno. Kumbe ulijifunza kwake.

"Kile ni chake," akasema. "Hiki ni chako."

Nilirudi chini haraka ili asinione.

Nikalegeza bolti kidogo, nikasubiri. Baba yako mdogo alikuwa ameinama upande wa pili akihesabu dhambi zangu. Nikaona mafuta yanateremka mkononi, meusi, yanafika kwenye kaniki, yanaishia hapo. Kopo nikalishusha wima, kiganja chini yake, kama mtu anayebeba maji ya kunawa mgeni. Nilikumbuka ringi ya mpira ya zamani inayong'ang'ania juu kwenye mfereji wake, maana ukiisahau na kuweka mpya, zikiwa mbili zitatema mafuta. Niliitoa kwa kijiti cha mti, si kwa chuma. Ringi mpya nikaipaka mafuta safi kwa kidole. Nikaweka filta mpya, nikafunga, nikajaza mafuta, nikawasha.

Hakuna kilichovuja, Ntandu. Hakuna!

Mama yako alivua makubazi, akaukanyaga mwamba wote kwa nyayo tupu. Akainama pale chini ya injini, akapitisha kiganja, akakinusa. Nilisimama kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani. Akasema neno moja tu, la kuita mtama uletwe.

Baba yako mdogo akanyanyuka, akajifuta magoti. "Mnyiramba huyu!" akasema, na mzigo wa kwanza akaubeba yeye.

Kesho Jumatatu shule imefungwa. Nakwenda Manyoni na magunia. Kipande cha kaniki nimekifua kwa sabuni na kukitundika kwenye usukani, upande wa pili wa chako. Nitakivaa kila filta itakapofika wakati wake, hapa hapa mwambani, na shati jeupe. Chako sitakifungua, wala sitamruhusu mtu akifungue. Lala salama, ndugu yangu. Mwamba wa mama ni safi.

Mwalimu wako