Sweta Iliyoziba Pumzi ya Jiko

Ngoliba, Jumamosi jioni, mwezi wa saba. Baridi na upepo, jua halijajionyesha tangu asubuhi. Mikono yangu ina masizi hadi kwenye viwiko na bado sijaiosha.

Leo nilibakisha kidogo tu niache mtu abomoe kazi ya mikono yake kwa sababu yangu.

Nianzie pale aibu ilipoanzia. Mama na Baba wanafanya kazi Ruiru. Mwaka huu nililetwa huku kuishi na Cucu, nyanya yangu, ili asikae peke yake. Ruiru tulipikia gesi. Huku ni kuni. Chumba changu na jikoni vinatenganishwa na ukuta usiofika kwenye mabati, na hata jiko zuri halikosi moshi kidogo wakati wa kuwasha. Muhula ulipoanza, msichana anayekaa nyuma yangu darasani alininusa akauliza, "Nani amekuja na mahindi choma?" Wote wakacheka.

Mimi pia nilicheka. Hapo ndipo panaponiuma.

Siku hiyo Cucu akiwa shambani nilipanda juu ya stuli nikaziba ile nafasi ya juu ya ukuta. Halafu, kwa vile nilikuwa bado na hasira na katoni zimebaki, nikaziba na ya ukuta wa nje wa jikoni, pale upepo unapoingilia. Katoni, magunia, na sweta yangu ya zamani ya shule ya msingi. Cucu haoni vizuri vitu vya juu. Hakugundua.

Kesho yake jioni, jiko likaanza kutoa moshi ndani.

Hilo jiko si la mchezo. Ni la matofali, lina bomba la kutoa moshi nje, na lilijengwa mwezi wa nne na fundi Wafula, jirani yetu aliyetoka magharibi akaja kutafuta kazi huku. Cucu ndiye wa kwanza kujengewa katika chama chake cha akina mama. Wengine watatu walikuwa wamemwahidi fundi kazi, wanangoja tu kuona la Cucu litaendaje.

Cucu alilaumu kuni kwanza. Tukazianika siku tatu. Akalaumu majivu, nikayatoa yote. Fundi akaja akaziba nyufa kwa udongo, akarudi tena akasugua bomba kwa gunia lililofungwa kwenye mti mrefu. Lakini yeye huja mchana, mlango ukiwa wazi, na moshi unapanda moja kwa moja. Jioni tukifunga mlango kwa sababu ya baridi, unarudi. Cucu akaona anachezewa. Akawaambia chama kwamba huyo fundi hajui kazi, na wale watatu wakaghairi.

Mimi nilijua. Si mwanzoni, lakini sasa ni wiki mbili. Jioni moja nilifungua mlango nimwage maji, moshi ukageuka ukaingia kwenye bomba kama umeitwa. Nikafunga, ukarudi. Na kwenye mtihani wa sayansi nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza safi kwamba moto unahitaji hewa ya kuingia ndipo moshi upande. Nilipata tiki. Nikaja nyumbani nikamsikiliza Cucu akikohoa, nikala githeri yangu.

Nilijiambia kwamba nikizitoa zile katoni kimya kimya, Cucu atasema ni maombi yamejibiwa, na jina la fundi litabaki vile vile. Huo ni uongo uliopakwa mafuta. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa mahindi choma tena.

Leo fundi amekuja na nyundo, na matofali mengine nyuma ya baiskeli. Amesema atajenga upya, hatadai kitu.

"Cucu, mimi hili jiko nalijua," alisema, akiwa amepiga magoti. "Lakini kama unasema ni bovu, wacha nilibomoe."

Nikasema, "Usibomoe." Hakuna aliyesikia. Sauti yangu ndivyo ilivyo.

Akainua nyundo. Nikavuta stuli, nikapanda, nikashika kilichokuwa karibu na kuvuta kwa nguvu. Sweta ikaanguka juu ya jiko na vumbi lake lote. Cucu akaiokota, akaigeuza. Kiwiko chake alikishona yeye mwenyewe.

"Nyambura. Hii ilikuwa inafanya nini huko?"

Nikasema yote, pamoja na mahindi choma. Fundi ndiye aliyecheka kwanza, akasema kumbe amekuwa akisugua bomba na adui yuko juu ya ukuta. Akatoa katoni na magunia yaliyobaki, akafunga mlango, akawasha moto. Moshi ukapanda. Hapo akakaa juu ya tofali, akaiweka nyundo chini.

Cucu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwambia fundi pole, kwamba yeye ndiye aliyemtangaza vibaya na yeye ndiye atakayelirekebisha jina lake kwenye chama. Kisha akanigeukia.

"Na wewe utaenda kwa hao watatu, nyumba kwa nyumba, na mdomo wako."

Jioni hii ameniletea ndoo yenye kifuniko niwe naweka yunifomu ndani isishike moshi. Ndoo. Imekuwa pale nyuma ya mlango muhula mzima. Ningeuliza tu.

Kesho tukitoka kanisani ndio naanza. Nyumba ya kwanza ina mbwa, na mama mwenye maswali mengi. Sijawahi kubisha hodi kwa mtu nikiwa peke yangu. Kwa hivyo saa hii nimesimama katikati ya chumba nikajaribu kusema hodi kwa ukuta. Imetoka ndogo.

Upande wa pili, kupitia ile nafasi ya juu, Cucu amejibu, "Sijasikia. Rudia."