Leso Juu ya Mawe ya Warumi

Hallonbergen, Uswidi, Jumatatu

Baba Maya,

Huku hatujambo. Maya anakusalimu, kwa Kiswidi kama kawaida yake. Theluji imeanza kuyeyuka.

Picha zako za Verona nimeziona. Ule uwanja wa Warumi ni mkubwa kweli, na mikahawa ya pale mbele inapendeza. Unasema ulizunguka peke yako baada ya kazi. Sawa. Lakini mwanamume akiwa peke yake hukalia jiwe. Wewe pichani, juu ya mawe ya uwanja, umetandikiwa leso ya maua mekundu.

Zangu zote ziko kabatini. Na leso huuzwa mbili mbili. Ya pili niliiona jana kanisani, jirani yetu Valerie amembebea mtoto wake mgongoni. Amerudi kutoka likizo Ijumaa, hakusema alikuwa wapi.

Ukirudi, pitia kwake kwanza umrudishie yake.

Mama Maya