Mafuta Yako ya Baridi, Bi Zuhura

Bi Zuhura wangu,

Salamu nyingi, na afya usiniulize. Magoti ni yale yale, meno ndiyo yanazidi kupungua. Naandika kwa kalamu ya Nasra, mjukuu wako, anayekaa nami siku hizi. Wino wake ni zambarau, kwa hiyo ukiiona barua ina rangi za harusi usidhani nimepata mke. Bado. Wapo wajane msikitini kule Thornhill wanaonitupia jicho, lakini wote wananuka duka la dawa, na pua yangu umeshaiharibu wewe.

Nina habari mbaya, na nyingine sijui niiiteje. Tuanze na mbaya. Mafuta yako ya baridi yamekwisha. Wala hayakwisha kwa kupakwa. Bintiyo Salma alikuja kusafisha baada ya arubaini yako, akaikuta ile chupa ya dawa ya kikohozi kwenye kabati la bafuni, akasoma tarehe, akaona dawa imepitwa na wakati tangu enzi, akaimwaga chooni. Choo kikanukia kama bibi harusi. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana alikuwa anasugua huku analia, hajui hata amemwaga nini. Lakini wewe nawe, Zuhura! Manukato kwenye chupa ya kikohozi! Ulisema wageni hawatayadokoa. Haya, hawakuyadokoa.

Nikajaribu kuyatengeneza. Karafuu, mdalasini, iliki, udi, na ile vanila uliyoanza kuitia tulipofika huku, ukidai baridi ya Toronto inataka kitu cha kuibembeleza. Vitu vyote navijua, si mimi niliyekuwa nakutwangia? Kiasi ndicho sikijui. Ulikuwa unapima kwa kunusa, na nikiuliza unasema, "Hebu nyamaza, unanipotezea harufu." Chupa ya kwanza ikanuka daktari wa meno. Ya pili Nasra aliinusa akacheka mpaka akakaa chini, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nimekuwa pilau. Nikamjibu, pilau bila nyama.

Unamkumbuka yule mke wa mhasibu, wa kule mtaa wa Don Mills, aliyekuja kuyaomba? Mama mzuri, ametulia, hata kikombe akikiweka mezani hakilii. Ukamnyima. Ukamchanganyia waridi na yasmini, akaenda zake ameridhika. Nilipokuuliza, ukasema yale si ya mtu aliyetulia. "Yale ni ya mtu anayeingia ndani na theluji mabegani, hajavua viatu anauliza nani hajala. Ana kelele kidogo, machozi yako karibu, na mikono haimkai." Nikasema basi umejisifia mwenyewe. Ukasema, "Na wewe je, nikusifie?" Ukaniambia mimi nafaa sabuni ya kufulia. Ya kipande.

Basi likabaki koti. Lile la kijivu lenye manyoya shingoni. Kwenye kola ulikuwa bado umo. Nilikuwa nalinusa asubuhi kabla ya chai, kidogo tu, kama mtoto anayeiba sukari, nikiogopa kukumaliza. Na kweli ulikuwa unaisha. Theluji inazidi dirishani, weye unafifia kwenye kola. Kuna asubuhi nikavuta pumzi nikapata sufu tupu, nikalazimika kuvuta tena. Hapo ndipo akili yangu ya darasa la nne ikaniambia: lifukize.

Taratibu uliziweka wewe. King'ora cha moshi unakivisha ile kofia ya plastiki ya kuogea, unafungua dirisha, unatia kaa kwenye chetezo na udi juu yake, nguo unaitandaza juu ya kiti. Nikafanya yote. Ila king'ora nilichokivisha kofia ni cha chumbani, na mimi nafukiza sebuleni.

Jengo zima, Zuhura! Ghorofa zote! Watu wamemwagika nje kwenye theluji na nguo za kulalia, watoto wamefungwa mablanketi, wazimamoto wanapanda ngazi na mashoka yao. Na mimi nimesimama katikati, koti lako kifuani, uso wa mtu asiyejua lolote, nanukia udi mpaka soksi. Nasra kauma midomo asicheke.

Karibu yetu akasimama yule bibi wa Kikorea wa ghorofa ya chini. Yule uliyekuwa ukikutana naye kwenye lifti mkishikana mikono tu, maana hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake. Ana kandambili na gauni jepesi, anatetemeka mpaka miwani inacheza. Nasra akaliangalia koti, kisha akaniangalia mimi. Mimi nikalikumbatia zaidi. Ndiyo. Ungekuwepo ungenifinya.

"Babu, ana baridi," akasema. Kwa Kiswahili, mke wangu! Mtoto ambaye ukimwambia karibu chakula anakujibu Kiingereza. Wala hakungoja ruhusa. Akalitoa mikononi mwangu, akamvisha, akamfunga vifungo mpaka kidevuni, akaanza kumsugua mikono huku machozi yanamtoka yeye, siyo bibi.

Na yule bibi akazamisha pua kwenye kola. Akakaa hivyo kidogo. Akainua uso, akanitazama, akasema, "Zuhura."

Sikujua kama alilijua jina lako. Nikageuka pembeni, nikasingizia moshi.

Kesho yake akalileta, limekunjwa vizuri kwenye mfuko. Nilifunga mlango nikalinusa. Udi upo, krimu yake ya mikono ipo, vitunguu saumu vipo. Wewe haumo. Nilikutafuta shingoni, nikakutafuta mikononi, nikageuza na bitana. Haumo. Nikakaa kwenye kiti nikingoja moyo usimame, nao, mkaidi kama mwenyewe, ukaendelea. Basi nikashuka na lifti, nikamrudishia. Nikamwambia kwa vidole: lako hili. Anapotoka sasa kwenda kituo cha basi namwona kutoka juu, mdogo ndani ya koti lako, na sisikii wivu. Kidogo tu.

Jumapili nikamkalisha Nasra jikoni na kinu. Nilikuwa namwona mpole mno kwa mafuta yale, kumbe mimi ndiye nilikuwa sijamtazama. Akatwanga, akanusa, nikafungua mdomo kumwelekeza akaniambia ninyamaze, nampotezea harufu. Alizidisha vanila. Akapaka mkononi, akaunyoosha puani pangu.

Si harufu yako, Zuhura. Nimevuta na kuvuta nikikutafuta. Si yako. Lakini imemkaa yule mtoto kama ngozi yake ilikuwa inaisubiri, na nyumba ikapata joto ambalo halikutoka kwenye hita.

Pumzika, bibi yangu. Nakuahidi sitamsahihisha kiasi, hata akitia vanila kama anapika keki. Na ya kwako naacha kuitafuta kwenye nguo za watu. Siku yangu ikifika, nisogelee tu. Nitakujua kabla sijafumbua macho.

Mumeo,
Haji