Tulimkalisha Mama

Jumapili, mwisho wa mwezi wa kumi. Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi mawingu yanakusanyika upande wa Ruashi, yanatuchungulia, kisha yanajiendea bila kutuachia hata tone. Vijana wa footing, wale wanaokimbia kwa mazoezi, wamepita mbele ya nyumba wakiimba kama kila Jumapili, jasho linawatiririka na bado wana pumzi za kutaniana. Mimi nilikuwa jikoni. Nimewasikia mpaka sauti zao zikapotea, nikatamani niwafuate nisirudi.

Leo nimemwambia Mama ukweli.

Ninaandika sasa, jioni hii hii, kabla sijapata muda wa kujitungia visingizio. Ninajifahamu, kwa visingizio sina mpinzani.

Kwa anayefika kwenye blogu hii mara ya kwanza: mama yangu ni mkulima. Shamba lake lilikuwa pembeni mwa Ruashi, ukingoni mwa mji, wakati ule nyumba zilikuwa hazijafika huko. Kila asubuhi alitoka kwa miguu, jembe begani, na jua likiwa utosini alirudi na beseni la matembele kichwani. Katikati ya shamba palikuwa na kichuguu kikubwa kama nyumba, kama vichuguu vyetu vya huku vilivyo. Mbavuni mwake alipanda maboga, kwa sababu udongo wa kichuguu una rutuba. Maboga yale ndiyo yaliyotusomesha. Sikumbuki hata siku moja Mama akilalamikia goti. Alikuwa akiweka kichwa kwenye mto, usingizi unamchukua papo hapo. Akicheka, majirani wa nyumba ya pili walijua kwamba Mama yuko nyumbani.

Kisha sisi watoto tukapata kazi. Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, aliingia kwenye mgodi. Mimi nikapata ofisi katika kampuni ya malori yanayokwenda Mokambo, mpakani. Na maneno ya watu yakaanza. Siku moja, baada ya misa, mama mmoja alinishika mkono na kuniuliza kwa sauti tamu kabisa: "Mama yenu angali analima? Na vile muko na kazi muzuri?"

Nilifika nyumbani uso unawaka.

Tukakutana, tukakata shauri: Mama apumzike. Yaya mwenyewe alilichukua jembe nyuma ya mlango na kulifungia kwenye buti la gari lake. Tulikuwa tunacheka. Mama naye alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye lile buti.

Nikamleta kwangu, mtaa wa Bel-Air. Nikamnunulia fotei, kiti kipana chenye mikono, laini, nikaiweka mbele ya televisheni. Akitaka kufagia, ninamnyang'anya ufagio. Akitaka kuchambua mboga, ninaondoa sinia. "Mama, kaa." Nadhani neno hilo nimemwambia mara nyingi kuliko salamu. Nilidhani ndiyo heshima. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi mzazi wake achoke, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nililishika somo hilo kwa mikono miwili.

Mama akanenepa. Na wageni wakatupongeza! "Mama ananona, munamutunza muzuri!" Sisi huku tukimwona mtu amekonda tunauliza kama anaumwa ama nyumbani hawali. Tukimwona amenona, tunawashukuru watoto wake. Nami nilizipokea zile shukrani. Mwili wa Mama ulikuwa diploma yangu, niliuonyesha kwa kila aliyeingia.

Kumbe alikuwa anazimika.

Kwanza aliacha kuimba asubuhi. Kisha usingizi ukaharibika, mchana anasinzia, usiku namsikia anageuka geuka kitandani. Kisha akaacha hata kuuliza nani anapita barabarani, Mama huyu ambaye zamani alijua habari za mtaa kabla hazijatokea. Mimi nikasema ni uzee. Uzee! Kule shambani pia alikuwa mzee, na hakuna aliyemwonea huruma.

Halafu akaanguka bafuni. Hakuvunjika. Lakini hakuweza kuinuka peke yake, akabaki amekaa kwenye sakafu yenye maji mpaka niliporudi kazini. Nilipofungua mlango alinyoosha mkono tu. Ninauona ule mkono kila nikioga.

Hospitalini wakamkuta na sukari na tansion, yaani shinikizo la damu. Daktari akampa dawa, kisha akatutuma kwa kine, yule mtaalamu wa viungo. Kine alimwambia ainuke kwenye kiti bila kujishika. Mama akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Akaniangalia, na machoni mwake mlijaa haya, haya ya mtu mzima. Mama yangu aliyebeba mabeseni ya maboga.

Kine alitueleza bila kutufokea. Msuli usiofanya kazi huyeyuka. Miguu inayotembea kila siku huisaidia sukari itoke kwenye damu, huituliza tansion, huleta usingizi usiku, na hata moyo ulioinama huinuka kidogo. Basi kila asubuhi atembee. Mchana ainuke na kukaa, ainuke na kukaa. Ashike mgongo wa kiti na kuinua visigino. Nilikuwa natikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri, huku ndani nachomwa. Vitu vyote alivyovitaja kine, Mama alikuwa navyo shambani, tena bila kujua kama vina jina. Sisi ndio tuliomwondolea.

Mama alikataa. Mtu mzima ainue visigino bure bure, kama mtoto wa shule? Kine akamtania kwa methali: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mama akamjibu palepale: "Miye hapana mutu wa kutembea bure, mwanangu. Nikitembea, niko na kwenye ninaenda."

Tulipofika nyumbani akaketi kwenye fotei, akaniambia huku anatazama televisheni iliyozimwa: "Bantu banasemaka, mugeni siku mbili, siku ya tatu mumupe jembe. Miye mulininyang'anya langu."

Hapo ndipo nikatoa ahadi. Nilitaka tu asiwe na uso ule. Nilimwambia: "Mama, ufanye mazoezi. Ukipata nguvu, tutakurudisha ku shamba."

Nilisema hivyo nikijua kwamba shamba halipo.

Yaya Ilunga alikuwa amekwisha kuanza kujenga juu yake. Ruashi sasa kila mtu anajenga, na shamba lilikuwa limelala bure, ndivyo alivyosema, nami nilikubali. Kichuguu kilichimbwa chote kikafyatuliwa matofali, maana udongo wake ni mzuri kwa matofali pia. Ndani ya nyumba ile kuna chumba cha Mama, na choo ndani kwa ndani ili asitembee mbali. Tulipanga kumshtukiza nacho mwaka mpya. Tulimficha jambo lile kama watu wanavyoficha zawadi, tukikonyezana.

Basi Mama akaanza mazoezi. Jamani, laiti yangeshindikana! Mwanzoni tulifika kwenye geti na kurudi, ameniegemea kama mzigo. Kisha hadi kwa muuza mkaa. Kisha hadi mwisho wa avenyu. Akaanza kulala. Akaanza kukasirika chumvi ikizidi kwenye mboga, nami nikafurahi, maana mtu anayegombana kwa ajili ya chumvi bado anaitaka dunia. Sukari ikashuka. Asubuhi moja nikiwa bado kitandani nikasikia wimbo kutoka chumbani kwake, nikalia ndani ya mto.

Hata mimi nilipona vitu ambavyo sikujua naviugua. Mgongo wa ofisini ulinyamaza. Nikaacha kuwafokea madereva kwenye simu. Zile hatua za asubuhi, na Mama pembeni yangu akisengenya maua ya majirani, zilikuwa saa bora ya siku yangu. Na katika kila hatua alikuwa anapanga: mahindi upande huu, karanga upande ule, maboga kwenye kichuguu kama zamani. Mimi nikiitikia. "Ndiyo, Mama." "Tutaona, Mama."

Kila wiki nilijiambia nitamwambia akishakuwa na nguvu. Alipopata nguvu nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa inaishia geti la nyumba yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nilimkuta hapo getini. Amevaa kikwembe chake cha zamani cha shamba, kitambaa kichwani, buti za mpira miguuni. Mkononi ana jembe. Alikuwa ameliazima kwa jirani, amekwenda mwenyewe kwa miguu yake, amebisha hodi, ameomba. Alikuwa anang'aa. Akanionyesha mawingu kwa kidevu.

"Mvua iko inakuja. Tuende tusafishe shamba."

Nikasema. Sijui nilianzia wapi. Nilisema nyumba, nilisema Yaya, nilisema chumba chake chenye choo ndani. Nilivyozidi kueleza ndivyo ile zawadi ilivyozidi kuwa mbaya kinywani mwangu. Hakunikatiza. Niliponyamaza akauliza: "Shamba yote?"

"Yote, Mama."

"Na kichuguu?"

Nikamwambia kuhusu matofali. Akatazama chini, kwenye zile buti. Nilidhani atapiga kelele, nilitamani apige. Badala yake aliuliza polepole, kama mtu ambaye kweli anataka kujua:

"Sasa zile asubuhi zote, tulikuwa tunaenda wapi?"

 

Alinikabidhi jembe nilirudishe kwa jirani. Akageuka, akaingia ndani. Alitembea vizuri, mgongo umenyooka, hakugusa ukuta hata mara moja. Kine angempigia makofi. Akaketi kwenye fotei na buti zake, akasema: "Uniletee chai."

Tangu aje kwangu Mama hajawahi kuniagiza kitu. Ni mimi niliyekuwa nikimlazimisha apokee, naye akinung'unika kwamba ana mikono. Leo ameagiza. Nilimletea chai. Akaipokea bila kuniangalia. Mchana hakuinuka. Bukari, ugali wetu, ameila hapo hapo alipo, kidogo.

Nimempigia simu Yaya. Akasema nyumba imekula kiwanja chote, lakini labda tunaweza kumwekea ndoo za udongo barazani apande matembele. Nilimkasirikia. Mtu aliyelima shamba zima umpe ndoo! Halafu nikakumbuka kwamba hata mimi, mchana kutwa, nimekuwa nikihesabu ndoo zilizo nyuma ya nyumba. Ndivyo tulivyo, sisi watoto wake. Tunampenda kwa nguvu zote na hatumuulizi.

Sijutii yale matembezi. Yalimrudishia damu, usingizi, wimbo. Ninajuta kwamba nilimwinua kwa kitu ambacho tayari tulikuwa tumekivunja, wakati ningeweza kumwambia ukweli siku ile ya kwanza, akakasirika akiwa bado hana ndoto, na tukatafuta pamoja mahali pengine pa kwenda. Ninajuta zaidi lile neno dogo, "kaa". Laiti mtu angeniziba mdomo.

Sasa jua linazama na mawingu bado hayajaamua. Mama yuko kwenye fotei, buti hajavua, nami sithubutu kumwambia azivue.

Kesho asubuhi nitavaa viatu vyangu na kusimama mbele yake. Sitamtajia sukari wala tansion. Shamba la kumwahidi sina, na ahadi nyingine sitaitunga. Nitamwambia tu kwamba nimezoea kutembea naye, kwamba bila yeye ile barabara ni ndefu, kwamba ninaogopa kumpoteza hapo alipoketi.

Je, atasimama kwa ajili yangu tu?